Kopo la Akiba ya Safari

Jumatatu, 4 Machi

Leo natimiza miaka thelathini na tatu, miezi mitano na siku kumi na moja tangu nitoke kwetu. Nimehesabu kwa kalenda, si kwa vidole. Begi liko palepale chini ya kitanda, limefungwa. Ndani yake: suti moja (haifungi tena tumboni), taulo, wembe, na kopo la biskuti. Kopo ndilo lenye maana. Lina kapsuli hamsini na tisa, zote antibayotiki, zote za akiba. Kila nilipoandikiwa dozi ya siku saba nilimeza siku tatu, nikapata nafuu, zilizobaki nikazihifadhi. Za safari. Kwetu hakuna hospitali ya maana, au haikuwapo nilipoondoka. Nilikuwa karani wa bohari ya dawa miaka kumi na minne. Najua ninachokisema.

Kikohozi: siku ya nane. Akiba siigusi. Nimekwenda duka la dawa la pembeni nikaomba kapsuli za rangi mbili. Mfamasia akataka cheti cha daktari. Nikasema nimekisahau nyumbani. Akasema nikifuate, atanisubiri. Alinisubiri kweli! Viwiko juu ya kaunta, anatabasamu. Nimetoka na pipi za koo.

Jumanne, 5 Machi

Naishi na mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa. Anasoma famasia, mwaka wa tatu. Mimi napika, yeye anakosoa. Leo amekuja na dodoso la chuo: maswali arobaini, darasa zima limelijaza, kupima wanajua nini kuhusu antibayotiki na usugu wa dawa. Alipokwenda kuoga nikajaza nakala yake ya ziada. Nimepata kumi na mbili. Maswali yametungwa vibaya. Swali la tatu: antibayotiki huponya mafua, kweli au si kweli? Nilitia alama kwenye Kweli mara mbili, kwa msisitizo.

Mezani nikamchokoza. Nikasema mwili wangu haujapata usugu, ni mwili wa zamani, uliundwa vizuri. Akaweka kijiko chini. Akasema Babu, mwili haupati usugu, wanaopata ni bakteria. Ukimeza siku tatu ukaacha, unakuwa umewaua wanyonge tu. Wakorofi wamebaki, wanazaana, na siku ukiwarudia na dawa ileile wanakuchekea. Tena mafua ni virusi, na virusi havina habari na antibayotiki hata kidogo. Alisema yote haya huku anachambua mfupa wa samaki. Mimi kwa umri wake nilijua namba ya kila rafu bohari nzima, lakini kilichomo ndani ya chupa sikukijua. Nimemtazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kama ana kitu usoni.

Halafu habari kubwa. Chuo kinatafuta wazee wa kuigiza ugonjwa kwenye mtihani wa vitendo. Wametengeneza chumba kama duka la dawa, kaunta na rafu zimejaa. Mzee anaingia na mafua yake ya uongo, anadai antibayotiki bila cheti; mwanafunzi anatakiwa amkatalie kwa heshima na kumshauri.

Rafu zimejaa! Na vijana wengi hivyo, wenye mioyo laini! Lazima mmoja alegee. Nimejiandikisha kabla sahani hazijaoshwa.

Jumatano, 6 Machi

Mafunzo ya wagonjwa. Mhadhiri ni mama mfupi mwenye saa mbili, moja kila mkono. Ya kushoto ni ya mtihani, amesema, ya kulia ni ya maisha mengine. Kuna mgonjwa mpole na mgonjwa mbishi. Sote tulimtaka mbishi.

Mpinzani wangu, nani mwingine? Kinyozi mstaafu wa ghorofa ya tatu, anayeitwa Daktari kwa sababu kila kichwa alichokinyoa alikipa ugonjwa. Alikohoa mpaka kifungo cha shati kikaruka. Mimi sikukohoa hata. Nilikataa tu kiti nilichopewa, kisha nikakataa cha pili. Mhadhiri akaniteua. Amesema wengine wanaigiza ubishi, mimi nimezaliwa nao. Kinyozi akanong'ona kuwa hiyo si sifa. Wivu!

Sharti moja: maneno ni yale ya kwenye karatasi. Usiongeze hata neno la maisha yako. Nimesaini kwa wino wangu wa kijani, ninaoutunza kwa mambo ya heshima.

Alhamisi, 7 Machi

Mtihani. Jamaa hawapimani, kwa hiyo mjukuu alipelekwa chumba cha Kinyozi. Mhadhiri alikuwa anazunguka vyumba vyote. Mimi nilipewa wanafunzi ishirini.

Wa kwanza alikataa kwa dakika mbili. Wa pili, mrefu kama mlingoti, alikataa huku ananipangia mto mgongoni. Mmoja mwenye sauti nene alikataa mpaka wapita njia wakasikia na kukubaliana naye. Mmoja alinichorea bakteria kwenye karatasi, wanyonge wamelala chali, mkorofi mmoja amesimama ameshika kiuno. (Mchoro nimeuchukua. Ni mzuri.) Mmoja aliniuliza kikohozi kina siku ngapi, kina damu, nina homa, nimepungua uzito, mpaka nikajisikia sijawahi kuulizwa hali maishani. Nilibisha. Nilifoka. Nilisema enzi zetu tulimeza na tukapona. Mmoja akajibu, Pole Babu, na wale ambao hawakupona hawapo hapa kutuhadithia. Nilitaka kumpa mkono.

Kumi na tisa wamekataa. Kumi na tisa! Na kila mmoja kwa namna iliyonifanya nitoke nikishukuru, kama mtu aliyepewa. Nani amewafunza watoto hawa?

Wa ishirini: binti mdogo wa miwani mikubwa. Alijua kila kitu, alikuwa anakataa vizuri kuliko wote. Saa ya mwisho imefika, nimetoka mikono mitupu. Nikavunja sharti. Nikamwambia nasafiri kwenda kwetu. Nikamweleza barabara ya siku tatu, zahanati yenye madirisha yaliyopigiliwa mbao. Nikamtaja mama yangu, na dozi iliyochelewa siku mbili tu. Sikupanga kumtaja mama. Sikupanga kulia pia.

Binti akavua miwani, akaifuta. Akatazama mlango. Akasukuma pakiti juu ya kaunta, kapsuli ishirini na moja, rangi mbili. Akasema kwa sauti ndogo, tatu kwa siku, Babu, siku saba, usibakize.

Ushindi! Nimerudi kwa miguu, mkono mfukoni, mfuko umejaa.

Jumamosi, 9 Machi

Jana tatu, leo tatu. Kikohozi kimekimbia! Siku mbili! Nimeivunja rekodi yangu mwenyewe. Kumi na tano zimeingia kopo. Akiba sasa: sabini na nne.

Jumatatu, 11 Machi

Mjukuu amerudi macho mekundu. Majibu yametoka. Yeye amefaulu. Chumba chao kilikuwa na vituko, Kinyozi alizimia kwa ustadi mno hata mwanafunzi mmoja akaita gari la wagonjwa. Alibebwa ngazi zote na hakusema kuwa anaigiza, kwa sababu, amekiri mwenyewe, hajawahi kubebwa.

Sikucheka kwa muda mrefu. Yule binti wa miwani (Miwani, nitamwita) ameanguka mtihani. Ndiye rafiki wa karibu wa mjukuu wangu. Dodoso alipata thelathini na tisa kati ya arobaini, hakuna aliyemfikia. Lakini anayetoa antibayotiki bila cheti ameanguka mtihani wote, haendi mazoezi hospitalini na wenzake, anarudia mwaka mzima. Pakiti moja ilikosekana kwenye rafu zake, na alipoulizwa kwa nini aliitoa, alinyamaza. Hakunitaja.

Hakunitaja!

Mjukuu akaniuliza kama nilitoka nje ya karatasi. Nikasema nilikuwa ndani, ndani kabisa. Uongo huo umenikaa kooni kuliko kikohozi. Akasema jambo linalomuuma zaidi ni kwamba hazikuwa hata dawa. Kapsuli zote za chumba kile yeye na wenzake walizijaza unga wa ngano, kwa mikono yao, wiki iliyopita.

Unga!

Nimekaa chooni nusu saa nikitafakari. Kapsuli sita za unga, na kikohozi hakipo. Mtu mwingine angesema kilikuwa kinaondoka chenyewe. Mimi nasema unga ule si wa kawaida.

Jumanne, 12 Machi

Mpango mpya, wa kumwokoa binti bila kuniumbua. Nimeandika barua isiyo na jina kwa Mhadhiri, kutoka kwa "Mzazi Mwenye Uchungu". Kurasa mbili, Kiswahili cha kupigwa pasi. Nimeeleza kwamba mgonjwa mmoja, ambaye jina lake halina umuhimu, mtu msomi na mwenye haiba, huenda aliteleza kidogo. Saa saba nikaisukuma chini ya mlango wake, nikajificha nyuma ya ubao wa matangazo mpaka korido ikawa tupu.

Saa tisa simu ikalia. Mhadhiri. Akasema kesho saa nne ofisini. Nikauliza kwa jambo gani, kwa mshangao wa mtu asiye na hatia. Akasema kwa jambo la wino wa kijani.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda. Nilikuwa nimeandaa visingizio vitatu, vyote vikanitoroka mlangoni. Nikasema yote, isipokuwa unga nilioumeza. Mhadhiri alisikiliza bila kukatiza. Akatazama saa ya mkono wa kulia, ile ya maisha mengine. Akauliza kama habari za mama yangu ni za kweli. Nikasema kila neno.

Kisha akasema mtihani wa Miwani umefutwa, atarudia Ijumaa. Na mgonjwa atakuwa mimi, kwa maneno yaleyale, na machozi kama yapo. Akasema anawashukuru wagonjwa wa uongo, lakini mbishi ni rahisi kumkatalia. Anayelegeza mkono wa mfamasia ni yule anayesema kweli. Dodoso lake lina maswali arobaini ya wanachokijua, na hakuna hata moja la watakachofanya mzee akilia mbele ya kaunta. Ataliongeza.

Kwa hiyo nimechangia elimu! Nikamwambia Kinyozi kwenye ngazi. Akasema kama sayansi imefika hatua ya kunihitaji mimi, basi watu waanze kuogopa.

Nyumbani nikamwambia mjukuu ukweli. Sikupika siku nzima kwa hofu. Hakufoka. Aliniangalia tu, akasema, "Babu, umemwonea." Kisha akaenda kupika yeye. Ningependa afoke.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeamka na mpango. Nitalia kidogo tu, na nitamkonyeza Miwani ajue ni lazima akatae. Hakuna atakayegundua.

Mhadhiri alikaa kwenye kona, saa zote mbili wazi. Nikaingia, nikakohoa, nikakonyeza. Miwani akaniuliza jicho lina tatizo tangu lini. Nikakonyeza tena. Akaandika jina la kliniki ya macho. Nikaacha.

Ikabidi nisimulie. Barabara, zahanati, mbao za madirisha. Nilitaka kupita kwa mama haraka, kama mtu anayekanyaga sakafu yenye maji. Sikuweza. Machozi yakaja yenyewe, hayakujua kwamba leo ni marudio.

Binti akavua miwani.

Nilikuwa mbele ya kaunta, mkono nimeunyosha, na ndani naomba kwa nguvu zangu zote, usinipe, mwanangu, usinipe. Sijawahi kuomba kunyimwa maishani.

Hakugusa rafu. Alizunguka kaunta, akavuta kiti, akakaa karibu nami hata nikasikia anavyopumua. Alikuwa na woga kuliko mimi. Akasema pole kwa mama. Akasema mama alikosa dawa aliyoihitaji, na ndiyo maana yeye hawezi kunipa mimi nisiyoihitaji; dawa hizi zikichezewa, kuna mama mwingine atazimeza kwa wakati na zisimsaidie.

Kisha akauliza, "Babu, unasafiri lini?"

Nikafungua mdomo. Kwenye karatasi hakukuwa na jibu. Kichwani pia. Miaka thelathini na tatu watu wameniuliza kama nitarudi, kwa nini sirudi, nani nilimwacha. Hakuna aliyewahi kuniuliza tarehe. Alinisubiri kama yule mfamasia wa pembeni, lakini bila tabasamu, kwa subira ya mtu anayetaka kujua kweli. Saa ya Mhadhiri ilisikika. Moja kati ya zile mbili.

Nikasema sina tarehe.

Akasema sawa. Nikiipata, nije, tutakaa na daktari tupange dawa za safari, mpya, za mwili nitakaokuwa nao siku hiyo. Akaniuliza kama nyumbani nina nyingine nilizobakiza. Hili pia halikuwa kwenye karatasi. Nikasema sabini na nne. Kalamu ya Mhadhiri ilianguka. Binti akasema, bila kushtuka hata kidogo, nizilete Jumatatu, atanipokea mwenyewe.

Amefaulu. Mhadhiri aliandika kabla sijamaliza kujifuta. Mjukuu alikuwa nje ya mlango. Walikumbatiana wakaniziba njia, na sikulalamika. Nimewaona wasomi wengi, na mimi mwenyewe nimesoma vitabu vingi kuliko watu wengi wa jengo hili. Sijaona aliyekataa vizuri hivyo.

Jumatatu, 18 Machi

Nimelipeleka kopo. Nilikwenda nimelikumbatia kama mtoto mgonjwa. Miwani na mjukuu walivaa glovu, wakamwaga kila kitu kwenye sinia, wakatenganisha. Nyingine muda wake ulikwisha kabla wao hawajazaliwa. Nyingine zilikuwa vumbi. Hawakunicheka. Miwani aliuliza kila rundo lilikuwa la ugonjwa gani, akaandika, nami nikakumbuka: hili la jino, mwaka wa kwanza huku, nilipokuwa sijui hata neno la kuomba maji, hili la kifua, mwaka mwanangu alipooa. Maisha yangu yote kwenye sinia, siku ya nne hadi ya saba.

Kisha mjukuu akainua kapsuli moja, akaitazama kwenye mwanga. Akaitambua. Akazihesabu: kumi na tano. Akauliza sita ziko wapi. Nikatazama dirisha. Wakaanza kucheka, kwanza taratibu kwa adabu, halafu mjukuu akaketi sakafuni. Miwani akaniuliza kwa sauti ya kazi kama unga ulinisaidia. Nikasema sana. Nimesamehewa, nadhani. Njia nzima mjukuu alinishika mkono, na kila tukifika taa za barabarani alikuwa akisema "unga" na kuanza upya.

Kopo wamelisafisha wakanirudishia. Linang'aa. Begi limekuwa jepesi mno, halikai vizuri chini ya kitanda.

Jumatatu, 25 Machi

Jumatano iliyopita nilikuwa narekebisha begi, likaniangukia kidole cha mguu. Kikavimba, kikatoa usaha. Safari hii nilikwenda kwa daktari kama mtu mstaarabu, nikapewa cheti halali. Nikakipeleka duka la pembeni kifua mbele. Nani yuko nyuma ya kaunta? Miwani! Ameanza mazoezi hapo wiki iliyopita, anasubiri nafasi ya hospitali. Alinieleza dozi: tatu kwa siku, siku saba, usibakize, usigawe. Alinitaka niyarudie maneno yake. Niliyarudia yote bila kukosea, mara tatu, na nikaongeza habari za bakteria mkorofi aliyeshika kiuno. Yule mfamasia wa tabasamu akapiga makofi. Najivunia binti huyu kuliko ninavyoweza kuandika. Dunia iko katika mikono salama.

Nilianza kumeza Jumamosi asubuhi. Leo jioni ni siku ya tatu. Kidole kimenywea, kimekuwa kama kipya. Nimekikanyagia, hakiumi. Sasa, mtu mzima mwenye akili zake, kidole kimepona, ameze kapsuli kumi na mbili za nini? Dawa halisi, si unga! Nimezifunga kwenye karatasi, ule mchoro wa bakteria, ulikuwa karibu. Zimeingia kopo. Kinyozi anang'olewa jino kesho, ameniahidi zitakazobaki, kwa masharti kwamba akianguka tena tumbebe.

Mjukuu ameuliza kutoka jikoni dozi inaendeleaje. Nimesema inaendelea vizuri.

Kopo liko ndani ya begi. Begi liko chini ya kitanda, limefungwa, na sasa linakaa sawa. Tarehe nimeitafuta kwenye kalenda mwaka mzima, ukurasa kwa ukurasa, ili nimjibu binti wa watu akiniuliza tena. Haimo. Kwetu sitarudi.